UZI: Kwenye hiyo filamu, nani ana jina na nani anakufa bila jina?

Mtazamaji_Umoja:

Humu ndani mtu akisema filamu fulani ina siasa, dakika mbili haziishi kabla hajaambiwa anafikiria sana, ile ni burudani tu. Sawa. Leo naleta burudani. Nitataja filamu ambazo wengi wenu mmeziona, na kwa kila moja nawaomba kazi ndogo: angalieni ni nani ana jina, ni nani anatoa uamuzi, na ni nani anakufa kabla hatujajua anaitwaje. Nimetazama filamu hivi kwa miaka mingi na sijapata kipimo kinachokipita hiki. Hotuba ya mwigizaji inaweza kukupumbaza. Orodha ya majina ikipanda mwishoni haikupumbazi.

Naanza na Eye in the Sky ya Gavin Hood, ya 2015, kwa sababu inadai ni ya hapa kwetu. Inafunguka Nairobi, Eastleigh. Baba fundi wa baiskeli anamtengenezea binti yake Alia duara la kuzungusha kiunoni. Mama anaoka mikate, Alia anaenda kuiuza kwenye meza kando ya ukuta. Nyuma ya ukuta kuna nyumba, ndani ya nyumba kuna watu wanavaa fulana za kujilipua, na juu kabisa angani kuna droni. Sinema nzima ni swali moja: kombora liachiliwe sasa, au tungoje mtoto amalize kuuza?

Kwa ufundi, sina neno. Alan Rickman, aliyefariki Januari 2016, anaicheza nafasi ya jenerali kwa uchovu unaomkaa vizuri. Lakini kipande ninachokirudia ni cha Helen Mirren, ambaye ni kanali, na sajini wake wa hesabu. Kanuni inataka uwezekano wa mtoto kufa uwe chini ya asilimia 50. Sajini anapiga hesabu, inakataa. Kanali anamsimamia: hebu angalia tena, sogeza mahali pa kulenga, nitafutie 45. Anatafutiwa 45. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyetamka neno "danganya". Namba imebembelezwa mpaka ikakubali. Ukitaka kuona serikali inavyofanya jambo baya kwa utaratibu mzuri, na fomu zote zikiwa zimejazwa, tazama dakika hizo.

Sasa rudini kwenye kipimo. Nani anaamua? Mawaziri na jenerali wamo chumbani London, wanamtafuta waziri wa mambo ya nje ambaye yuko Singapore anahara. Wanampigia mkubwa wa Marekani, yuko Beijing anacheza tenisi ya mezani. Rubani yuko Nevada. Mtambuzi wa nyuso yuko Hawaii. Kombora litaanguka Nairobi, na Nairobi ndiyo isiyoulizwa. Ikulu haionekani, Bunge halionekani. Tuna afisa mmoja wa jeshi anayengoja na vijana wake, na jasusi mmoja mtaani, Jama Farah, aliyeigizwa na Barkhad Abdi. Yaani katika filamu inayobishania nani ana haki ya kulipua Eastleigh, Mkenya amepewa kazi ya kupeleka kamera.

Na hiyo Eastleigh imerekodiwa Afrika Kusini. Wameiwekea vizuizi barabarani, wanamgambo na bunduki kubwa juu ya pikapu mchana kweupe, eti wanajeshi wa Kenya hawawezi kuingia. Mtu aliyewahi kwenda First Avenue kutafuta pazia za bei nafuu anajua kinachokuzuia kuingia Islii, kama tunavyoiita Eastleigh, ni mikokoteni.

Karibuni. Matusi sijibu.

Kanyau_254:

Uzi mrefu kama foleni ya matatu mwisho wa mwezi. Muvi ni muvi bana. Steringi, adui, mlipuko, kwisha. Steringi hafi, hiyo ndiyo siasa ninayoijua mimi.

Mtazamaji_Umoja:

Kanyau, umenirahisishia kazi. Steringi hafi, na siku akifa anakufa na jina lake, jeneza lake na barua kwa mkewe. Chukua Black Hawk Down ya Ridley Scott, 2001. Ni vita vya Mogadishu vya Oktoba 3 na 4, 1993. Saa mbili na zaidi tunajua kila askari wa Marekani anaitwaje, nani anapenda kahawa, nani anachora. Wasomali wanakuja mbio kutoka kila kichochoro, wanaanguka, wanakuja wengine. Halafu mwishoni, maandishi: Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa, na Wamarekani 19. Yanafuata majina, jina moja moja. Majina ya nani? Ya wale 19. Kipimo changu hapo sikukibuni mimi, wenyewe wamekiandika kwenye skrini.

Na ujue zile helikopta hazikuwa za kukodi mjini. Jeshi la Marekani lilizipeleka Moroko, ambako filamu ilirekodiwa, pamoja na marubani na askari. Pentagon ina ofisi ya kushughulikia watu wa filamu, na utaratibu wake haujafichwa: ukitaka ndege zao, manowari zao, kambi zao, mswada unapita mikononi mwao kwanza. Kisichowapendeza unakibadilisha, au unatafuta ndege kwingine. Top Gun ya 1986 ilitengenezwa hivyo, na ile ya 2022 vilevile. Hiyo ya pili ina kituko chake: trela ya 2019 ilipotoka, watu waliona bendera ya Taiwani imetoweka kwenye jaketi la Tom Cruise, wakati huo kampuni ya Kichina ya Tencent ikiwa imetia pesa. Filamu ilipofika kumbini 2022, bendera imerudi. Adui wa filamu hiyo hana hata nchi, ni "adui" tu mwenye kofia nyeusi. Kitambaa kidogo mgongoni kilikuwa na siasa kuliko vita nzima.

Garissa_Lodge:

Asalaam aleikum. Kaka mleta uzi, umegonga mlango wangu kwa hiyo nimetoka.

Mimi ni wa Islii, nimekulia nyuma ya Jam Street. Black Hawk Down tuliitazama nyumbani, wazee wamekaa kwenye mikeka, majani ya chai yamechemka na iliki. Unajua hawakukasirika? Walicheka. Kila "Msomali" akifungua kinywa, mzee mmoja anauliza, huyu ni wa ukoo gani? Kwa sababu wale waigizaji wakuu hakuna aliyekuwa Msomali, na maneno yanatoka yamepinda. Watu walikufa pale kwa mamia, na kuna wajomba zetu kati yao, lakini kilichotuingia masikioni ni lafudhi. Hasira ilikuja baadaye, mtaani, watoto wa shule nyingine walipoanza kutuita kwa majina ya kwenye muvi.

Lakini neno langu ni hilo la Eye in the Sky kusema vikosi haviwezi kuingia Islii. Filamu hiyo ilirekodiwa 2014. Mwaka huohuo, Aprili, ulikuwa msako wa polisi, Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, raia na wakimbizi pamoja, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Sisemi ya nyumba yangu, yako kwenye ripoti na magazeti, kila mtu alisoma. Kwa hiyo kule Afrika Kusini wanaigiza mtaa usioingilika, na hapa mtaa umeingiliwa mpaka chumba cha kulala, usiku, mlango kwa mlango. Mwandishi wa mswada angekuja kunywa chai hapa wiki moja tu, filamu yake ingekosa sababu ya kombora.

Jambo jingine. Kuna kipande Alia ameumia, wale wanamgambo wanaiteremsha bunduki kutoka kwenye pikapu wapate nafasi ya kumlaza, wamkimbize hospitali. Hicho nilikipenda. Ndicho kipande pekee ambacho watu wa Islii ya sinema wanaamua jambo lao wenyewe, na hawakupewa hata sentensi.

Mama_Ngara:

Hamjambo wanangu. Nawasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nilikuwa naenda Shan, pale Ngara, ambapo sasa ni Sarakasi Dome. Globe nanyi mnaijua kama raundabauti, sisi tuliijua kama sinema. Kabla ya hapo, mashambani, lilikuja gari la sinema: shuka jeupe, jenereta, kijiji kizima kimekaa chini. Hilo gari halikuanza juzi. Waingereza walianzisha idara ya filamu za makoloni mwaka 1939, na mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka. Basi filamu za "kwetu" zikatengenezwa polepole, picha moja imekaa mpaka unasinzia: nawa mikono, chimba choo, lima hivi. Hata kasi ya picha ilikuwa na siasa, na siasa yenyewe ilisema wewe ni mjinga.

Wakati huohuo, za kwao za kusisimua zilituhusu pia. Iko moja, Something of Value, yenye Rock Hudson na Sidney Poitier, ya Mau Mau. Ilitoka 1957. Mwaka huo ndio Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti, Februari 18. Marehemu baba alikuwa haitaki kuisikia. Mimi niliiona uzeeni, mjukuu kanitafutia. Poitier ni Kimani, amekua pamoja na mtoto wa mwenye shamba kama ndugu, kisha anaingia msituni. Na siwezi kusema amenyimwa jina, anayo sura, ana maumivu, Poitier alimpa utu wote alionao. Mwisho wake anaanguka kwenye shimo lenye miti iliyochongwa, anakufa, na rafiki yake mzungu anamchukua mtoto wake mchanga kwenda kumlea. Nikamwambia mjukuu, zima. Shamba walichukua, sasa mpaka mtoto?

Kwa hiyo, mwanangu mleta uzi, jina peke yake halitoshi. Uliza pia mtoto anabaki na nani.

Mtazamaji_Umoja:

Mama, shikamoo. Hilo naliandika pembeni ya kipimo changu kwa kalamu nyekundu.

Na ukilinganisha na The First Grader ya 2010, ya mzee Kimani Maruge aliyejiunga na darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, utaona mlango umefunguka kidogo. BBC Films walitia mkono, na bado askari wa Kiingereza wanaonyeshwa wakitesa watu kambini bila kuzungukazunguka. Miaka mitatu baadaye, Juni 2013, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa. Sisemi filamu ndiyo iliyoshinda kesi, walioishinda ni wazee wenyewe, pamoja na nyaraka zilizokuwa zimefichwa. Nasema tu kwamba kufikia 2010 hadithi hiyo ilishaweza kuuzwa London, na 1957 isingeweza.

Mshika_Taa:

Mimi nafanya kazi kwenye seti, taa na nyaya, kwa hiyo nitawaharibia raha kidogo. Kipimo cha majina ni kizuri kwa mtazamaji. Sisi tunaobeba vyuma tunauliza swali jingine: nani ametia sahihi hundi?

Nairobi Half Life ya 2012. Mwongozaji wetu, Tosh Gitonga. Waigizaji wetu, lugha yetu, kila mtu ana jina, Mwas, Oti, wote. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar. Lakini ilizaliwa kwenye mradi wa mafunzo wa One Fine Day Films ya Mjerumani Tom Tykwer, na DW Akademie, tawi la mafunzo la shirika la utangazaji la Ujerumani, ikiwa ndani. Siwalaumu, wamefunza watu wengi ambao leo ndio wananiita kazini. Ila tazama orodha ya filamu za Nairobi zenye pesa za nje uniambie umeona nini. Bunduki, mabati, wizi, ugonjwa. Mwongozaji mwenzetu Wanuri Kahiu amekuwa akilalamikia jambo hili muda mrefu, ndipo akaja na wazo lake la Afrobubblegum, kwamba sanaa ya Mwafrika nayo ina haki ya kuwa ya raha tu, bila kufundisha mtu kuhusu vita wala UKIMWI. Andika pendekezo la filamu ya wapenzi wawili wa Buruburu wanaogombania sofa, uone utangoja majibu mpaka lini.

Mtazamaji_Umoja:

Mshika Taa, hapo tutagombana kidogo. Pesa ya Mjerumani inaweza kuchagua mtaa, haichagui kila kitu kinachoonekana mtaani. Kumbuka Mwas anafika mjini, anaporwa siku hiyohiyo, anatupwa seli, na anaamriwa kusafisha kile choo. Kamera haigeuki. Yeye anaanza kukisafisha huku karibu atapike, na mwisho wale wafungwa wanamshangilia. Hakuna mfadhili aliyewaza hilo ofisini Ulaya. Hilo limeandikwa na mtu anayejua seli ya hapa inanukaje. Na wale polisi wanaokula na wezi asubuhi, jioni wanawamaliza, hiyo pia ni siasa ya kwetu kabisa, na serikali yetu isingelipia shilingi moja kuionyesha. Wakati mwingine hundi ya mgeni ndiyo inayomruhusu mwenyeji aseme.

Kanyau_254:

Sawa, Black Panther je? Hiyo ni ya kwetu. Lupita. Hata Kisumu waliizindua kwa shangwe.

Mtazamaji_Umoja:

Niliipenda pia, mavazi yale, wale walinzi wa kike. Lakini fuata mstari wa hadithi. Killmonger, adui wa filamu, anataka silaha za Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni, ziwafikie watu Weusi wanaoonewa duniani. Ili tusimwunge mkono, mswada unamfanya amuue mpenzi wake na kumkaba koo bibi mzee. Halafu zile ndege zilizobeba silaha zinatunguliwa na nani? Ross, mtu wa CIA. Ukumbi wote ukapiga makofi, Nairobi, mji uliowahi kusoma habari za Lumumba na CIA hiyohiyo. Dawa wanayopewa Weusi mwishoni ni kituo cha misaada Oakland. Hapo Mshika Taa ana haki: uliza nani ametia sahihi hundi.

Mtumishi_Kitengela:

Ndugu zangu, mnazunguka tu kuisema serikali. Bodi ya uainishaji wa filamu iko kulinda watoto. The Wolf of Wall Street ilipigwa marufuku 2014, mwaka uliofuata Fifty Shades of Grey, na mimi nilishukuru. Mnataka uchafu uingie sebuleni kwa jina la sanaa? Hata Rafiki, walifanya sawa.

Mtazamaji_Umoja:

Mtumishi, heshima yako. Kuweka alama ya umri sina ugomvi nako, nina watoto. Ugomvi wangu uko kwenye Rafiki kwa sababu wengi wanaoizungumzia hawakuiona, na hilo lilipangwa. Ilipigwa marufuku Aprili 2018, ikaenda Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kule. Septemba jaji Wilfrida Okwany akaifungulia siku saba, watu wakajaa Prestige pale Ngong Road. Kila mtu anajua ni wasichana wawili wanaopendana. Wangapi wanajua kwamba baba zao ni mahasimu wanaogombea kiti cha MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, mtaa huohuo? Nusu ya filamu ni mabango, maneno ya wapiga kura, mzee anayehesabu aibu ya binti yake kwa kura atakazopoteza. Hiyo ndiyo siasa ya mtaa kwa karibu kabisa.

Na Kahiu, mwongozaji wake, alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa haukuwa na majuto ya kutosha. Hapo si kulinda mtoto tena. Ungeweza kuonyesha mapenzi hayo, mradi wahusika waumie vya kutosha kabla taa hazijawashwa. Tofauti yake na ile ofisi ya Pentagon ni kwamba Pentagon angalau inakupa helikopta.

Juni_25:

Mnaongea ya 2018, sisi wengine tunaona ya juzi. Aprili 2025 BBC walitoa filamu yao ya uchunguzi, Blood Parliament, ya risasi walizopigwa waandamanaji Juni 25, 2024 pale bungeni. Ilikuwa ionyeshwe kwa watu hapa Nairobi, ikaondolewa dakika za mwisho, BBC wakasema ni shinikizo la mamlaka. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne wakakamatwa, wakaachiliwa kesho yake, na BBC wakasema hao hawakuhusika na filamu yenyewe. Mwezi huohuo wa nne, wasichana wa shule ya Butere walirushiwa vitoa machozi Nakuru kwa sababu ya mchezo wa kuigiza, Echoes of War, ilhali mahakama ilishasema waruhusiwe. Mtumishi, hapo mtoto alilindwa na nani?

Na angalia kipimo cha mleta uzi: ile filamu ya BBC kazi yake yote ilikuwa ni kutafuta majina. Majina ya waliokufa, na nani alifyatua. Ndiyo sababu iliuma.

Mtumishi_Kitengela:

La Butere silitetei.

Mshika_Taa:

Tusisahau yote hayo yanasimama juu ya karatasi moja, Sura ya 222, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, ya 1962. Tulikuwa bado hatujapandisha bendera. Mkoloni aliiacha mezani, na kila serikali imeikuta inafaa. Mpaka leo huwezi kurekodi filamu ya kuuza au kuonyesha watu bila leseni yake.

Garissa Lodge, ile Islii yako ya 2014, ya Kasarani, mbona haijatengenezwa? Mimi nina taa. Nakuja na vijana wawili wa sauti, malipo tutaongea.

Garissa_Lodge:

Leseni nani ataomba? Ukiandika "Usalama Watch" kwenye hiyo fomu, utaitwa chai kituoni.

Mshika_Taa:

Andika "familia inatafuta mtoto aliyepotelea uwanjani." Si uongo.

Garissa_Lodge:

Haya. Naanza na msichana. Nampa jina lake, la baba na la babu, yote matatu kama kwenye kitambulisho. Na hauzi mikate kando ya ukuta, anauza anjera pale kwa ngazi ya duka la shangazi yake, na ana mdomo mrefu. Mama Ngara, wewe utakuwa jirani anayeficha watu. Kanyau, tafuta kazi ya askari, sura unayo.

Kanyau_254:

Nalipwa?